Jirani wa chini anasema natwanga kinu saa nane usiku, na kwangu hakuna kinu

Mpangaji wa Tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba akili zenu kabla jambo hili halijafika pabaya.

Nimepanga Kinondoni, jengo la ghorofa nne, familia moja kila ghorofa. Mimi niko ya tatu. Chini yangu anakaa mama mtu mzima, mstaafu, na mjukuu wake wa sekondari. Tulikuwa tunaishi vizuri mno. Shikamoo, marahaba, Ramadhani ananipandishia sahani ya futari, mimi nikitoka mkoani namshushia mchele. Sasa tangu mvua za vuli zipungue mambo yamegeuka. Anadai kuanzia saa saba usiku mpaka saa tisa hivi natwanga. Anakuelezea mpaka mapigo yake: du… du… du… taratibu, halafu dudududu ya haraka, halafu du moja kubwa, kimya. Baada ya muda inaanza tena.

Kwangu saa nne tumeshalala. Kinu sina. Mwanangu ana miaka miwili na akilala hata ngoma ipigwe haamki. Mke wangu ni nesi, usiku mwingine yuko zamu.

Mara ya kwanza mama alipanda kistaarabu kabisa, tukaongea mlangoni, nikamwambia pengine ni ghorofa ya nne. Kumbe wa ghorofa ya nne naye alishaulizwa na akasema ni mimi. Baadaye akaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio saa nane za usiku, yaani kelele ninayoisikia mimi ni ya kwake. Sasa ameenda kwa mjumbe, na kwenye ngazi maneno yameanza. Mnajua watu wakisikia mtu anatwanga usiku wa manane na asubuhi hapiki kisamvu wanawaza nini. Dada wa kazi wa ghorofa ya kwanza hapandi tena kuanika nguo juu peke yake.

Kilichonimaliza nguvu ni hiki. Majuzi tulikuwa Morogoro msibani, nyumba imefungwa, funguo ninazo mimi. Tumerudi, mama anasema zile siku zote pia kilitwangwa. Nikamwambia, "Mama, si umeona? Hatukuwepo." Akanijibu, "Ndiyo maana nikaogopa zaidi, baba."

Mjumbe ametuita Jumamosi. Niende na nini?

Kaka wa Mbezi

Popobawa kashuka boti kutoka Pemba, safari hii kaja na kinu chake. Mkuu hama.

Mpangaji wa Tatu

Kodi ya miezi sita nimelipa juzi juzi. Nihamie kwako?

Kaka wa Mbezi

Hapana mkuu, pambana.

Binti wa Makorora

Mleta uzi, mimi nimewahi kuwa huyo mama wa chini, kwa hiyo naomba unisikilize vizuri.

Nilipokuwa Arusha nilikuwa nasikia golori zinadondoka na kubingirika juu ya dari, usiku tu. Juu alikaa kijana wa peke yake. Nilimchukia yule kaka, Mungu anisamehe. Nikimwambia anacheka, anasema "dada unaota". Neno hilo ndilo lililoniumiza kuliko golori zenyewe. Mtu ambaye hajalala wiki nzima ukimwambia anachosikia hakipo, umemwita chizi. Na yeye atatafuta maelezo yake mwenyewe, na maelezo ya usiku siku zote ni mabaya.

Nina swali moja tu. Umewahi kushuka ukasikiliza ukiwa chumbani kwake, saa hiyo hiyo anayoisema? Maana kwenye maelezo yako yote umesikiliza ukiwa kwako.

Mpangaji wa Tatu

Sijawahi. Ningemwambiaje mama mtu mzima kwamba nataka kuingia chumbani kwake saa nane usiku?

Binti wa Makorora

Mjumbe si yupo? Mwambie Jumamosi mbele ya mjumbe kwamba unaamini anasikia, na unaomba mje wote mkasikilize. Mjumbe akiwepo hakuna aibu, na kesho yake hakuna atakayesema umesingizia.

Mzee wa Dua

Kijana, someni Ayatul Kursi kabla ya kulala, na chumvi ya mawe kwenye pembe za nyumba. Haya mambo yapo.

Chuma cha Reli

Mzee heshima yako. Dua haikatazwi. Lakini kitu kinachoanza saa saba na kuisha saa tisa kila siku kina ratiba, na mimi kitu chenye ratiba huwa nakitafuta kwenye swichi.

Wakili wa Korido

Naweka la sheria kidogo maana najua litaulizwa. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Zina viwango vya mchana na vya usiku, na vya usiku ndivyo vikali. Msimamizi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, hao hao ambao mwaka 2023 walifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya muziki. Sasa baa ina spika, ina mwenye leseni, unampimia mlangoni. Wewe una "du" isiyojulikana inapotoka, utamshitaki nani? Mjumbe naye hana mamlaka ya kukuhukumu, kazi yake ni kupatanisha, na jambo likishindikana linapanda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nenda ukiwa mpole. Usiende na mwanasheria, utaonekana una la kuficha.

Fundi Maji Temeke

Mleta uzi nijibu haya kabla sijaandika gazeti. Maji ya bomba kwenu yanatoka saa ngapi? Tangi liko wapi? Pampu ipo? Na kuna kitu chochote cha maji kilichobadilishwa hilo jengo kipindi hicho kelele ilipoanza?

Mpangaji wa Tatu

Maji ni ya mgao, yakija huwa yanakuja usiku. Yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayapandisha tangi la juu ya paa. Zamani mlinzi alikuwa anawasha pampu mwenyewe asubuhi. Ngoja… mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba aliweka tangi kubwa jipya juu na pampu inayojiwasha yenyewe. Mlinzi alifurahi kweli kwamba hataamka tena mapema.

Fundi Maji Temeke

Kinu chako hicho hapo. Wala usilale na wasiwasi.

Sikilizeni. Kwenye mdomo wa bomba linaloingiza maji tangi la juu kuna boya. Tangi likiwa tupu boya limelala, maji yanaingia wazi. Likikaribia kujaa, boya linapanda lifunge. Lakini halifungi mara moja. Maji yanayoingia kwa nguvu yanatengeneza mawimbi ndani ya tangi, boya linaanza kucheza. Likiinuka linafunga, likishuka linafungua. Kila linapofunga, maji yaliyokuwa yanakimbia kwenye bomba yanagota ghafla na bomba zima linaruka. Mwanzo linacheza polepole, kadiri linavyokaribia kufunga ndivyo linavyoharakisha. Hiyo ndiyo dudududu ya mama. Ile du moja kubwa ya mwisho ni pampu ikizima: maji yaliyosimama ndani ya bomba kwenda ghorofa nne yanataka kurudi chini, yanaibamiza ile valvu ya kuzuia maji kurudi. Halafu mtu wa ghorofa ya nne akivuta maji ya choo usiku, tangi linashuka kidogo, pampu inawaka tena, ngoma inaanza upya.

Na kwa nini mlipokuwa Morogoro ilisikika? Kwa sababu pampu haikwenda msibani.

Mpangaji wa Tatu

Fundi nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Lakini mbona mimi sisikii? Bomba hilo si linapita kwangu pia kabla ya kufika juu?

Fundi Maji Temeke

Linapita, ila linapitaje? Majengo mengi bomba la kupandisha linapita kwenye uwazi ule wa nyuma ya vyoo. Sehemu moja linaning'inia hewani, sehemu nyingine fundi wa zamani alilizika ukutani kwa zege. Likiwa hewani linatikisika peke yake, husikii kitu. Likiwa limeshikana na ukuta, ukuta mzima ndio unaolia. Mimi naweka kichwa changu kwamba kitanda cha mama kimeegemea ukuta wa choo.

Mhandisi Mstaafu

Fundi yuko sahihi, naongezea hesabu kwa wanaopenda. Jambo hili huitwa nyundo ya maji. Mrusi mmoja, Nikolai Zhukovsky, alilifanyia majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow mnamo 1897 na 1898, baada ya mji ule kusumbuliwa na mabomba yanayopasuka. Maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, ukiyasimamisha ghafla, presha inaruka kwa takriban bar 12. Bomba la plastiki lina afadhali kwa sababu linatanuka kidogo, hapo ni kama bar 3 hadi 5. Linganisha na kazi halisi ya kusukuma maji mpaka paa la ghorofa nne, ambayo ni bar moja na nusu hivi. Kwa hiyo kila boya linapofunga ghafla, bomba linapigwa na nguvu kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kupandisha maji. Wimbi hilo ndani ya chuma hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, ghorofa nne si kitu.

Na hapo ndipo watu wanapokosea kutafuta. Zege linazuia maneno, huwezi kusikia jirani anasema nini. Lakini kitu kikiligonga lenyewe, linabeba kishindo kwa mbali sana na kukitema popote. Sikio la binadamu nalo ni dhaifu kutambua sauti nzito inatoka wapi, hasa ukiwa umelala. Tunasema "juu" kwa sababu juu ndiko tunakojua kuna watu.

Mama Watatu

Mhandisi na golori je? Kwetu Mwananyamala golori ni kila siku.

Mhandisi Mstaafu

Golori ina wazazi wengi: hewa ndani ya bomba, vibomba vidogo vinavyogonga ukuta maji yakikatika, hata zege lenyewe likipoa. Kwa nyumba za bati, bati la mita 10 likipoa nyuzi 30 kutoka jua la saa tisa mpaka usiku linafupika kama milimita 3 na nusu, na misumari hailiachi lifupike kimya kimya. Siwezi kukuambia yako ni ipi bila kusikia.

Mkimbizi wa Baridi

Niko Windsor, Ontario, Kanada. Huku mji mzima ulilalamika miaka kadhaa kuanzia 2011, mngurumo mzito, vyombo vinatetemeka kabatini, wengine hawasikii kabisa na wanawacheka wanaosikia. Serikali ilileta watafiti, ripoti ya 2014 ikanyoosha kidole upande wa pili wa mto, Marekani, kwenye matanuru ya chuma ya kisiwa cha Zug. Matanuru yalipozimwa 2020 mngurumo ukaisha. Hao waliocheka sijaona aliyeomba radhi.

Mtoto wa Eastlands

Huku Nairobi keateka, yaani mwangalizi wa jengo, ndiye huwasha na kuzima pampu, na akichelewa nyumba nzima inamtafuta na maneno. Boss usibishane na huyo mama. Zima hiyo pampu usiku mmoja uone. Kama kinu kimenyamaza, kesi imeisha.

Chuma cha Reli

Naunga mkono, ila usizime kwa siri. Zima mbele ya watu. Ukizima peke yako halafu ukasema "unaona leo kimya," mama atajibu leo umeamua kutotwanga.

Fundi Maji Temeke

Hapo umenena. Na chukua bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye bomba, mpini unauweka mfupani hapa nyuma ya sikio, kama mafundi gari wanavyosikiliza injini. Utajua bomba linalolia na lisilolia.

Mpangaji wa Tatu

MREJESHO.

Jumamosi kwa mjumbe nilifanya kama Binti wa Makorora alivyosema. Kabla mama hajaanza nikasema mbele yake, mama anachosikia kipo, naomba twende tukisikilize pamoja. Jamani, yule mama alinyamaza, akafuta miwani yake kwa ncha ya khanga muda mrefu, kisha akamwambia mjumbe, "Basi na waje." Alikuwa amekuja na karatasi, ameandika saa za kila usiku kwa mwandiko wa kialimu, zimepangwa kama mahudhurio ya darasa. Nimeona majirani wenye simu kubwa ambao hawana kumbukumbu za namna ile.

Usiku wake tukaingia: mjumbe na kikoi chake na tochi, mimi, mjukuu, na mama mwenyewe kakaa kwenye stuli. Mke wangu yuko juu na simu mkononi. Kitanda kweli kimeegemea ukuta wa choo, fundi kichwa chako kimesalimika. Saa saba na dakika kadhaa tukasikia maji ya mgao yanaingia tangi la chini. Kitambo kidogo, du. Wakuu, nilidhani mama anatia chumvi. Ile sauti ni nzito, inatoka ukutani na kifuani kwako kwa pamoja. Glasi ya maji iliyokuwa juu ya meza ya kitanda ikachora viduara. Mjumbe akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka.

Nikampigia mke wangu: unasikia? "Sisikii kitu, labda kama mlango unagongwa mbali." Ghorofa moja tu juu!

Nikamtuma mjukuu kwa mlinzi azime pampu. Ikapiga ile du kubwa, kimya. Tukakaa. Kimya. Mjumbe akasema washa. Baada ya muda, du. Zima. Kimya. Mjumbe akataka irudiwe tena, nadhani kwa raha zake. Bisibisi nayo ikathibitisha: bomba la kupandisha maji linapiga, lile la kushusha kwenye vyumba limetulia.

Mama hakusema "samahani" na wala sikuitarajia. Alisema, "Sasa huyo aliyeweka hii mashine hakujua watu wanalala?" Swali zuri, na kwa mara ya kwanza halikuwa linanihusu.

Kaka wa Mbezi

Kwa hiyo popobawa ni pampu. Mmeniharibia uzi.

Fundi Maji Temeke

Hongera mkuu. Sasa matibabu. Kwanza badilisha saa, hilo ni bure: pampu isijiwashe usiku, tangi kubwa la juu likijazwa mchana linatosha mpaka kesho. Ila msiishie hapo, kelele itahamia mchana na bomba litaendelea kuumia kwenye maungio mpaka siku lipasuke. Boya libadilishwe, hilo lililopo hata kama jipya ni jepesi sana kwa pampu hiyo. Kama hela ya boya zuri hakuna, kuna ujanja: chukua kopo la plastiki, lining'inize kwa waya chini ya mkono wa boya, likae limezama ndani ya maji. Kopo linajaa maji na linakuwa zito kuvuta, kwa hiyo boya haliwezi tena kucheza na kila wimbi, linapanda taratibu. Punguzeni na geti valvu, ile koki ya bomba, kidogo kabla ya tangi, maji yaingie kwa adabu. Halafu bomba lishikwe kwa klampu kila baada ya mita moja na nusu hivi, na kati ya klampu na bomba wekeni kipande cha tyubu ya tairi. Pale lilipozikwa ukutani kwa mama, zege lichongwe, bomba liachwe huru.

Wakili wa Korido

Na gharama si yako. Pampu, tangi na bomba kuu ni mali ya mwenye nyumba, si matumizi ya mpangaji. Mwandikie, piga picha, na kama ukilipa wewe kwanza kwa sababu ya haraka pata kibali chake cha maandishi cha kukata kwenye kodi, hata kwa meseji. Bila kibali ukikata kodi wewe ndiye utakayeonekana mdaiwa.

Mama Watatu

Mimi naona mjumbe naye aende akaseme kwa majirani wote. Mtu kaitwa mchawi ngazi nzima, haiwezi kuisha chumbani kwa mama tu.

Mpangaji wa Tatu

Mama Watatu, hilo mama mwenyewe amelifanya kabla ya mjumbe. Asubuhi ile ile kamshika yule dada wa kazi mkono, wamekwenda wote kwenye pampu, mlinzi akaiwasha na kuizima mbele yao. Mama anaeleza nyundo ya maji kana kwamba Zhukovsky alikuwa mwanafunzi wake. Dada sasa anaanika nguo juu kama kawaida.

Mwenye nyumba mwanzo alisema "jengo langu halina tatizo, wapangaji wengine mbona hawalalamiki". Nikamtumia picha za ile karatasi ya mama na namba ya mjumbe. Siku mbili tatu akaleta fundi. Boya limebadilishwa, zege limechongwa, na kopo pia tumeweka maana fundi wake alikuwa hajawahi kuuona ujanja huo na akataka ajaribu. Klampu amekataa kuzilipa, eti hizo ni mapambo. Nimezinunua mimi na wa ghorofa ya nne nusu kwa nusu, huyo huyo aliyesema ni mimi.

Binti wa Makorora

Na mama analala?

Mpangaji wa Tatu

Analala. Ila jana amenitumia meseji kwamba kwa vile sasa usiku umetulia, anamsikia jogoo, tena anawika saa tisa, wala si alfajiri. Nimeuliza, jogoo yupo kweli, anafugwa kwenye balkoni ya ghorofa ya nne. Nimemwambia mama safari hii karatasi aipeleke huko mwenyewe.